Kanuni safarini: mwongozo kwa mwanafunzi wa taarab anayekwenda kusoma Ujerumani kwa mara ya kwanza

Barua ya kukubaliwa ikishafika, kila mtu nyumbani atakuuliza habari za visa na makoti. Mimi nakuomba uanze na nyimbo. Nilikwenda Ujerumani kwa muhula mmoja, mpiga kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarab inayolazwa mapajani) niliyelelewa Unguja, na katika wiki ya kwanza mwalimu wa huko alinisikiliza mpaka mwisho, akafurahi, kisha akaniuliza swali jepesi: wimbo huu ni wa nani? Nilikuwa nikiupiga tangu nina miaka kumi na miwili. Mtunzi wa mashairi sikumjua, aliyeutia muziki sikumjua, hata klabu ya taarab iliyoupiga mwanzo sikuijua. Niliona haya sana, na haya ile ndiyo iliyoniandikisha haya unayoyasoma.

Safari hizi si ngeni kwetu. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim aende Misri akajifunze kanuni. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Kwa hiyo unapofunga kasha la kanuni, unaifuata njia iliyokwisha kupitwa.

Miezi sita kabla: kaa na maalim wako

Chagua vipande kumi, si zaidi. Bashrafu mbili, yaani vipande vya ala bila kuimba, nyimbo za kitambo sita, na viwili unavyovipenda mwenyewe. Kila kimoja kipe ukurasa wake katika daftari: nani alitunga mashairi, nani alitia muziki, klabu gani iliupiga, uko katika maqamu gani (mpangilio wa sauti zake), maneno yote kamili, na maana yake kwa lugha nyepesi ambayo mgeni akitafsiriwa ataielewa. Kama wimbo ni wa Ikhwani Safaa, ujue kwamba klabu hiyo ilianza 1905. Kama ni wa Culture Musical Club, 1958. Huko watakuuliza mambo haya, na wanaouliza wanayathamini.

Usiyatafute kwenye simu tu. Nenda kwa mzee. Mimi, baada ya kurudi, ndiyo nilikwenda kukaa barazani kwa maalim wangu na daftari. Nilimuimbia ubeti mmoja, akanisimamisha.

"Hilo si 'bahari', mwanangu. Ni 'buhuri'."

Miaka yote nilikuwa nikiimba habari za bahari mahali ambapo mtunzi anazungumzia moshi wa udi na nguo za mpenzi. Ubeti mzima ukageuka maana, na hata mkono wangu kwenye nyuzi ulibadilika, kwa sababu sasa nilijua kwamba pale panatakiwa upole. Laiti ningekaa naye kabla ya safari.

Ukiwa hapo barazani, omba ruhusa mbili. Ya kwanza ni ya kumrekodi. Weka simu pale anapoiona, usiifiche. Ya pili ni ya kuzipeleka nyimbo zenyewe. Nyimbo zina wenyewe, na klabu hupenda kuambiwa kabla, si kusikia baadaye kwamba wimbo wao umeonekana kwenye ukumbi wa watu bila jina lao. Mimi sikupata kunyimwa. Lakini viko vitu, hasa vya unyagoni, ambavyo havitoki nje kabisa, na ukiambiwa hivyo, viache.

Wakati huohuo jifunze nota. Wengi wetu tumelelewa kwa sikio, na sikio hilo ni mali, ila huko karatasi itawekwa mbele yako siku ya kwanza. Huhitaji kusoma kwa kasi. Uweze tu kufuata mstari mmoja bila kupotea. Na kuna mtego ambao hakuna aliyeniambia: Wajerumani noti ya B huiita H, na wao wakisema B wanakusudia B bapa, iliyoshuka nusu sauti. Nilipiga noti isiyo sahihi mbele ya watu kumi na wanne kwa sababu hiyo moja tu.

Video ya kujipima

Vyuo vingi vya muziki vitataka video kabla ya kukupokea. Kamera moja, isisogee, ioneshe uso na mikono yote miwili, na kipande kisikatwe katikati. Mji Mkongwe mchana una pikipiki, watoto, na adhana kutoka pande tano. Rekodi baada ya Isha, madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Utatoka jasho, vumilia dakika kumi. Sema jina lako, jina la wimbo na la mtunzi, halafu piga.

Karatasi

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa ubalozi una orodha yake na orodha hiyo ndiyo ya kufuata. Ninachotaka ukishike ni mpangilio, maana kila karatasi inaizaa nyingine.

Pasipoti ndiyo ya kwanza. Tanzania ombi hufanywa mtandaoni kupitia Uhamiaji, na ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Kisha barua rasmi ya chuo cha Ujerumani. Kisha uthibitisho wa fedha, na hapa ndipo wengi hukwama. Usipokuwa na ufadhili, Ujerumani hutaka uweke fedha katika akaunti maalumu iliyofungwa, unayoruhusiwa kutoa kiasi kila mwezi. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Viwango hupanda, angalia tena kabla ya kukopa mahali. Ukiwa na barua ya ufadhili inayotaja kiasi na miezi, barua hiyo hushika nafasi ya akaunti. Isome barua yako vizuri: kama haitaji kiasi, irudishe kwa adabu uombe iandikwe upya.

Muhula mmoja unapita siku 90, hivyo visa ya matembezi ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, haikutoshi. Unahitaji visa ya kitaifa ya masomo, na hiyo huchukua wiki nyingi. Omba miadi mara tu barua ya chuo inapofika, hata kama karatasi nyingine bado. Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, Dar es Salaam. Kwa sisi tunaotoka Unguja, vuka siku moja kabla. Boti ya asubuhi ikichelewa kwa upepo, miadi imekwenda, na kupata nyingine kunaweza kula mwezi.

Kama safari yako ina maonyesho ya hadhara na si masomo pekee, pitia BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ukiwa bara, au baraza la sanaa la Zanzibar ukiwa visiwani, uulize habari za kibali. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hasa kama ndege yako inapitia Addis Ababa au Nairobi; wakati wa kurudi unaweza kuulizwa.

Kanuni yenyewe

Sasa tuzungumze kwa kituo, kwa sababu kanuni ukiivunja huko huna pa kuipeleka kwa urahisi.

Kanuni nyingi zina mistari 26 ya nyuzi tatu tatu, jumla 78, na daraja lake, kile kipande cha mbao kinachoinua nyuzi, limekaa juu ya ngozi. Ngozi na mbao hizo zimezoea unyevu wa pwani. Ujerumani, Novemba ikiingia, vyumba hupashwa moto mchana kutwa na hewa hukauka. Ngozi hujivuta, mbao husinyaa, na uso wa kanuni unaweza kupasuka mstari mwembamba kama unywele. Utaitengeneza sauti usiku, utaamka imekwenda kwingine kabisa.

Dawa yake ni rahisi. Chukua kisanduku cha plastiki cha sabuni, kitoboe matundu juu, weka ndani sponji iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa vizuri isidondoshe. Kiweke ndani ya kasha, mbali na mbao zenyewe, na ulifunge kasha kila usipopiga. Sponji ilowe tena kila siku mbili tatu. Nunua na kipimo kidogo cha unyevu; kikionesha chini ya asilimia 40, sponji imekauka. Usiiweke kanuni karibu na bomba la kupashia chumba, wala karibu na dirisha. Mimi niliiweka chini ya kitanda upande wa ukuta wa ndani, na pale ilitulia.

Vipuri: seti nzima ya nyuzi, na nyongeza kwa zile nyembamba za juu maana ndizo hukatika. Hata mshipi wa kuvulia wa unene unaofaa, ambao wapo kwetu wanaoutumia, ubebe. Risha nne, yaani vile vya kuchokolea nyuzi, na pete za vidole za kuzishikia jozi mbili. Na hapa sikiliza: kama risha zako ni za zamani, angalia zimetengenezwa na nini. Risha za kale nyingi zilichongwa kwa ganda la ng'amba, na ng'amba ni kasa anayelindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, katika daraja la juu kabisa. Ukikamatwa nayo forodhani huko, hata kama ni urithi wa babu, itachukuliwa na wewe unaweza kushitakiwa. Maalim alitaka kunipa yake moja, nyekundu, laini, iliyolika upande mmoja kwa miaka ya kidole chake. Niliiacha kwake. Nikabeba za pembe ya ng'ombe na za plastiki.

Hivyohivyo kwa wenzetu wa ngoma: ngozi ya kenge kwenye ngoma, ngozi ya mbega kwenye mavazi, zote zina sheria, na kibali huombwa kabla ya safari, si uwanja wa ndege. Mpingo una nafuu, kwani tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa katika masharti hayo ya CITES.

Piga picha za ala yako kila upande, ndani na nje, ukiwa na tarehe. Omba chuo chako hapa kikuandikie barua ya Kiingereza yenye muhuri inayosema ala hii ni yako, thamani yake ni kadhaa, na itarudi nawe. Mimi barua hiyo iliangaliwa mara mbili: kuingia kule, na kurudi nyumbani, ambako afisa alidhani nimenunua mpya.

Ndani ya ndege

Kanuni ina urefu wa karibu mita moja, haiingii katika kipimo cha mzigo wa mkononi. Piga simu kwa shirika la ndege kabla ya kununua tiketi, uulize wanavyobeba ala, na jibu lao lije kwa maandishi. Ikibidi ishuke chini kwenye mizigo, iwe katika kasha gumu, na ndani zungushia nguo zako laini mpaka isitikisike hata kidogo. Legeza nyuzi kiasi, robo ya mzunguko au nusu, usizilegeze zote kabisa maana daraja litasogea juu ya ngozi. Weka kipande cha sufi chini ya vile vibati vidogo vya chuma vya kupandishia na kushushia sauti ya nyuzi ili visigongegonge.

Ufunguo wa kukazia nyuzi uweke kwenye mzigo mkubwa. Mimi niliuweka mfukoni, nikidhani nausalimisha. Wakaguzi wa uwanja mmoja wa kupitia waliutazama, wakauweka ndani ya kisanduku chao pamoja na mikasi ya watu, basi. Nilifika na nyuzi 78 zilizolegezwa na sina cha kuzikazia. Siku tatu nilishinda nikiitazama kanuni kama mgonjwa. Aliyeniokoa ni Mturuki muuza saz, ala yao ya nyuzi, duka lake dogo nyuma ya kituo cha treni. Akafungua mtoto wa meza, akatoa funguo tano za kanun, ndiyo kanuni kwao, tukajaribu mmoja mmoja mpaka wa nne ukaingia. Hakutaka pesa. Alitaka nimpigie kitu.

Kwa hiyo beba funguo mbili, katika mizigo miwili inayoshuka chini. Na ukifika mji wowote mkubwa wa Ujerumani, tafuta maduka ya ala ya Waturuki kabla hujatafuta kitu kingine. Wanapiga kanuni, wana nyuzi, wana risha, wanajua kubadili ngozi. Vipimo vyao vya robo sauti si sawa na vyetu tulivyovitoa Misri, lakini mkono wa fundi ni uleule.

Mwili na nguo

Vidole ndivyo vinavyokulisha, vilinde. Glavu za sufu, na juu yake glavu za kuzuia upepo. Fika ukumbini nusu saa kabla, ukae mikono ikiwa kwapani au juu ya kikombe cha chai mpaka joto lirudi, ndipo uvae pete. Ukipiga na vidole vya baridi, risha inatoka kwenye mstari na msuli unaweza kuuma wiki nzima. Ngozi ya vidole itapasuka. Mafuta ya nazi yanafaa, ila usishangae ukiyakuta chupani yameganda meupe kama mshumaa. Chini ya joto la nyuzi 24 za Selsiasi huganda. Yahamishie kwenye kikopo cha mdomo mpana, uyachote kwa kijiko.

Koti zito usinunue sokoni Darajani, huko utalipata la mtumba kwa bei ndogo na linalofaa hali yao. Ila nguo za jukwaani toka nazo nyumbani: kanzu, koti na kofia kwa mwanamume, kwa mwanamke gauni lako zuri na mtandio. Ziwe katika mzigo wa mkononi. Mzigo mkubwa ukipotea, kanzu ya haraka huipati.

Wiki mbili za mwanzo

Ukitoka uwanja wa ndege usilifungue kasha. Liache chumbani saa tano sita, mbao ziizoee hewa polepole.

Sajili anwani yako katika ofisi ya mji. Sheria hukupa wiki mbili tangu uhamie, na utahitaji karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Bila usajili huo benki huwa ngumu na kibali cha ukaazi hakiendi mbele. Bima ya afya ni lazima kwa mwanafunzi, nayo hupita euro 100 kwa mwezi. Itie katika hesabu zako mapema.

Saa zitakuchanganya, na si kwa sababu ya saa zetu za Kiswahili peke yake. Mjerumani akisema *halb zehn*, kwa neno ni "nusu ya kumi", anakusudia 9:30, yaani kwetu saa tatu na nusu. Nilikwenda saa nne na nusu, nikakuta mazoezi yanakaribia kwisha. Tangu siku hiyo nikawa naomba kila miadi iandikwe kwa tarakimu. Kisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zao hurudishwa nyuma kwa saa moja. Waambie nyumbani, wasikupigie usiku. Desemba jua la Berlin linatua kabla ya saa kumi na dakika kumi jioni, hivyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana karibu karibu, na ratiba ya mazoezi uipange ukijua hilo.

Kupiga ala nyumbani kuna sheria. Kuanzia saa nne usiku ni kimya, na Jumapili mchana kutwa majirani wanategemea utulivu. Weka nafasi ya chumba cha mazoezi chuoni mapema, alfajiri ndiyo vyumba huwa vitupu, na sisi alfajiri tumekwisha amka.

Uliza pia chuo chenu hukaza nyuzi kwa kipimo gani. Okestra nyingi za Ujerumani hutumia noti ya A ya mitetemo 442 au 443 kwa sekunde, juu kidogo ya 440 iliyomo kwenye programu ya simu yako. Kwa fidla ni jambo dogo. Kwa mwenye nyuzi 78 ni saa nzima ya kazi, na ni vizuri uifanye jana yake, si mbele ya watu wanaokusubiri.

Siku ya kwanza jukwaani

Kwetu mpigaji anajua mambo yanakwendaje kwa kutazama: mama anainuka, anacheza pole pole kuja mbele, anatunza noti, mwingine anamfuata, mtu anaitikia kibwagizo. Kule hakuna. Watakaa gizani, mikono mapajani, hawakohoi. Nilipopiga mara ya kwanza niliamini nimewachukiza. Nikaongeza kasi ili nimalize niondoke, nikaharibu taksimu yangu, yaani upigaji wa peke yako wa kubuni papo hapo, iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Kimya kile ni heshima yao. Kabla hujaanza, simama useme maneno machache: jina la wimbo, mtunzi, klabu, na unasema nini. Daftari lako la kurasa kumi linafanya kazi yake hapa. Kisha kaa, pasha vidole, piga bashrafu kwa mwendo aliokufunza maalim wako. Ukifika mwisho, acha nyuzi zizime zenyewe na mikono ibaki juu ya kanuni. Watangoja mpaka sauti ya mwisho ipotee kabisa ukumbini, pengine mpaka uinue uso. Hapo ndipo watapiga makofi, na watapiga kwa muda mrefu.